Kiswahili cha Tabora Kwenye Theluji

Hakuna aliyemtuma Pyarali. Alijitokeza mwenyewe, mkono juu, kama mtoto wa darasa la pili anayejua jibu, na mpaka leo akikumbuka ule mkono ulivyopaa anatamani angekuwa ameukalia.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye ukumbi mmoja huko Weston ambako wazee wa Toronto wanaozungumza Kiswahili hukutana kunywa chai, kucheza karata na kulalamikia magoti. Mwenyekiti wao ni Mwalimu Leokadia, mama wa Bukoba aliyefundisha hesabu karibu maisha yake yote na sasa anaishi kwa mwanawe kule Malvern. Siku hiyo aliwaletea habari kwamba kwenye bustani ya High Park zimetundikwa picha za zamani za majira ya baridi, kandokando ya njia, kuonyesha watu wa mji huu walivyokuwa wakiishi na theluji zaidi ya miaka mia iliyopita.

"Picha zina maelezo," alisema Leokadia, "ila ni ya Kiingereza, na baadhi yetu hapa Kiingereza chetu kinaishia kwenye kuulizia basi. Twende Jumamosi ijayo, na nataka mtu wa kutueleza kwa Kiswahili. Tena siku hiyo Kiingereza tukiache nyumbani."

Hapo ndipo mkono ulipopaa.

Sababu zilikuwa mbili, na moja tu ndiyo aliyoweza kuitaja hadharani. Hiyo ya hadharani ni kwamba Pyarali alizaliwa Tabora, na tangu aingie Kanada akiwa kijana hakuacha kuwatambia Waismaili wenzake wa Nairobi na Kampala kwamba Kiswahili chao ni makapi na chake ndicho nafaka. Hakubishiwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akikizungumza kwa muda wa kutosha. Dukani kwake, alikouza miwani mpaka alipostaafu, yeye na marehemu mkewe Shahbanu walikitumia kuwasengenya wateja mbele yao: ona huyu, ongeza bei, nyamaza anakuja. Nyumbani kilikuwa cha utani na matusi madogo madogo. Na pale Weston kila mtu alichanganya Kiingereza kiasi kwamba sentensi ya Kiswahili ikianza, haikulazimika kufika mwisho.

Sababu ya pili ilikuwa Leokadia mwenyewe. Shahbanu alikuwa amekwishafariki miaka kadhaa nyuma, na nyumba ya Pyarali kule Thorncliffe Park, ghorofa ya juu, ilikuwa na viti sita na mkaaji mmoja. Hakuwa na mipango mikubwa. Alitaka kitu kimoja tu: kunywa chai na Leokadia, wawili, mezani, bila karata na bila kelele za mwenzao Murad. Tatizo ni kwamba Leokadia, kwa kuwa Pyarali amemzidi miaka michache na yeye amelelewa vizuri, kila Jumamosi alimwamkia shikamoo, na kila Jumamosi marahaba ilimkwama Pyarali kooni. Mwanamke unayetaka kumwalika chai hutaki akuamkie kama mjomba wake.

Basi akapanga. High Park kuna mkahawa. Angewatembeza wazee, angewaeleza picha mpaka wachoke kwa furaha, na mwisho wa matembezi, watu wakiwa wanatafuta basi, angemgeukia Leokadia na kumwambia neno lake. Alikwenda bustanini peke yake katikati ya wiki, akabadilisha basi na treni, akasoma maelezo yote mpaka pua ikafa ganzi. Akarudi, akasimama mbele ya kioo na kufanya mazoezi kwa sauti. Binti yake Zeena, aliyepita kumletea mchuzi, alisimama mlangoni akamsikiliza kidogo, kisha akamuuliza kwa Kiingereza mbona amekasirika.

"Sijakasirika. Naeleza picha," Pyarali alimjibu, naye kwa Kiingereza.

Zeena akasema kwamba kwa jinsi inavyosikika, hizo picha zimemkosea sana. Pyarali alicheka na kujiambia kwamba watoto wa kuzaliwa huku wataijua wapi ladha ya lugha. Akaendelea na mazoezi. Alifanyia mazoezi kila kitu isipokuwa lile neno la chai, kwa sababu alidhani hilo halina ugumu.

Jumamosi ilifika na baridi ya kung'ata masikio. Waliokuja walikuwa wachache: Leokadia, aliyevaa viatu vyenye meno ya chuma chini kama mtu anayejua anakokwenda, Murad wa Mombasa, dereva mstaafu wa malori, ambaye hajawahi kukutana na jambo akaliacha bila kulitania, na Papa Kasongo na mkewe, watu wa Lubumbashi, waliojifunga skafu mpaka yakabaki macho tu. Leokadia akamwamkia Pyarali shikamoo. Marahaba ikakwama palepale pake.

"Haya," Pyarali alisema, akapandisha mabega. "Kuja hapa. Simama. Hapana kanyaga theluji ya pembeni. Sikia mimi."

Wakaja, wakasimama, hawakukanyaga theluji ya pembeni. Pyarali alifurahi kuona watu wenye nidhamu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya wanawake wa sketi ndefu, wameshikana mikono, wakiteleza juu ya bwawa lililoganda, bwawa lilelile lililokuwa likionekana pale chini ya mteremko. Ni picha nzuri. Mmoja wao amefungua mdomo, na mpaka leo hujui alikuwa anacheka au anapiga kelele.

"Angalia hii mama," alisema Pyarali. "Hii mama navaa viatu ya visu. Nateleza juu ya maji. Ona sketi. Ona kofia. Imekwisha. Toka. Nenda picha ya pili."

Wakatoka, wakaenda picha ya pili. Pyarali alikuwa anajisikia profesa. Alimtupia Leokadia jicho, akamwona amekaza midomo, na akaamini kwamba amekazwa na baridi.

Picha ya pili iliwaonyesha wanaume na farasi juu ya lile bwawa. Wamebeba misumeno mirefu, na barafu imekatwa vipande vya mraba kama sabuni ya mche.

"Hii watu nakata barafu. Ona msumeno. Ona farasi, maskini. Barafu naweka ndani ya ghala, kiangazi nauza mjini, watu naweka chakula juu yake."

"Yakhe, hebu nifahamishe," alisema Murad. "Nchi hii, ambayo barafu inakufuata mpaka mlangoni bila ya kuitwa, kulikuwa na mtu akiiuza?"

"Ndiyo. Nauza."

"Na watu wakinunua?"

"Nanunua sana."

"Basi huyo muuzaji hakosi kuwa babu yako."

Walicheka wote, na Pyarali ndiye aliyecheka zaidi, kwa sababu moyoni mwake aliona ni sifa. Ila alipowaambia "Geuka, fuata mimi," Murad aligeuka kiaskari, visigino vikagongana, akaanza kutembea kwa mguu mkali, kushoto kulia. Papa Kasongo akamfuata nyuma. Walipofika picha ya tatu, Papa Kasongo aliinua kidole kutoka ndani ya glovu zake nene na kuuliza kwa adabu, "Papa Pyarali, hapa tukae ao tusimame?"

"Simama," alisema Pyarali, ambaye bado hakuwa ameelewa kitu.

Kwenye picha ya tatu kulikuwa na mama mmoja aliyekaa kwenye kiti chenye vyuma vya kutelezea. Amejifunika manyoya mpaka kidevuni, na uso wake ni wa mtu aliyeshiba. Nyuma yake mwanamume anakisukuma kiti. Mpiga picha hakujishughulisha naye: fremu imemkatia shingoni, limebaki koti na mikono miwili.

"Hii mama ni tajiri," alieleza Pyarali. "Baba yake iko na kiwanda. Jina yake naandikwa hapa chini."

"Na huyu anayesukuma?" aliuliza Leokadia. Lilikuwa swali lake la kwanza siku hiyo.

"Huyu? Hapana jua."

"Hawakuandika?"

"Andika ya nini? Huyu boi tu."

Neno lilitoka bila hata kugonga mlango. Ndivyo lilivyokuwa likisemwa kwao Tabora, mezani, asubuhi na jioni: boi alete maji, boi afunge geti, na boi mwenyewe ana wajukuu. Hakuwa amelitamka tangu aondoke. Wala hakujua kwamba bado analo. Murad akaacha kutabasamu. Mke wa Papa Kasongo akaanza kuitazama picha kwa makini sana.

"Bwana Pyarali," alisema Leokadia, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, ilikuwa ile ya kumwonyesha mwanafunzi mahali alipokosea kujumlisha. "Tangu tufike getini hujatueleza kitu. Umetuagiza."

Pyarali akarudi nyuma kichwani mwake mpaka getini na kuanza kuyasikia maneno yake yakimjia moja moja. Kuja. Simama. Hapana kanyaga. Toka. Nenda. Geuka. Hakuna hata moja lililokuja na mwenziwe wa kulilainisha. Akarudi nyuma zaidi, mpaka dukani, mpaka kwa Shahbanu: ona, ongeza, nyamaza. Kiswahili safi cha Tabora, alichojivunia miaka yote hiyo, kilikuwa Kiswahili cha mtu aliyekaa, akiwaambia waliosimama. Alipata aibu iliyompasha moto masikio, na katika baridi ile hilo ndilo lilikuwa jambo pekee la kushukuru.

"Nasema vizuri sasa," alisema, akakohoa. "Tafadhali simama. Tafadhali angalia. Tafadhali nyamaza."

"Mungu wangu," alisema Murad, "afadhali ya kwanza."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Angesema samahani, angeangalia picha zilizobaki kimyakimya na kwenda zake. Lakini Pyarali alikuwa na chai yake kichwani, na alikuwa ameona, hatua chache mbele, kitu alichoamini kingemrudishia heshima. Karibu na picha ya mwisho, juu ya mteremko unaoshuka kuelekea bwawani, palikuwa na ubao mrefu wa zamani, umepinda mbele kama ncha ya kiatu cha sultani, wenyewe wanauita toboga. Watu wa zamani walikuwa wakiukalia na kuteremka nao kwenye theluji. Huu uliwekwa mahali pa tambarare ili wageni waukalie wapigwe picha, na kamba yake imelala mbele yake.

Pyarali akaona hakuna haja ya maneno. Ataonyesha kwa vitendo. Akamkabidhi Leokadia simu yake, akageuza mgongo, akajishusha.

Kujishusha kulikuwa rahisi. Kuna mahali, katikati ya safari, magoti yalipotoa maoni yao, lakini koti lilikuwa zito na lilisaidia kazi. Akakaa. Miguu akainyoosha mbele, mikono akaiweka mapajani, kidevu juu. Leokadia akampiga picha. Ipo mpaka leo: ukiiona pamoja na ile ya mama wa manyoya utadhani ni ndugu.

Kisha akataka kusimama, na magoti yakakataa. Akajaribu upande, akajaribu kwa viganja, akajaribu kwa kujitikisa. Ubao ulikuwa chini mno na koti lilikuwa limemfunga kama mtoto mchanga. Wazee wanne walisimama mbele yake wakimwangalia, na safari hii hakuwa amewaambia wasimame wala waangalie.

Alichotaka kusema ni kwamba mmoja wao amshike mkono na kumnyanyua. Mtu aliyelelewa ndani ya Kiswahili angesema nivute, au nisaidieni, jamani, na kile kisilabi kidogo cha 'ni' kingefanya kazi yake. Lakini Kiswahili cha Pyarali hakikuwa nacho. Kule kilikotoka, vitu ndivyo vilivyovutwa, na aliyeagiza hakujitaja.

"Vuta!" alisema.

Murad alikuwa ameamrishwa asubuhi nzima na hakuona sababu ya kuasi sasa. Aliinama, akaokota kamba, akavuta.

Wallahi, ataapa baadaye, alivuta hatua chache tu, kwa utani. Lakini ubao ule ulikuwa umeundwa na watu waliojua kazi yao. Ukatoka kwenye tambarare, ncha yake ikainama, Murad akatupa kamba na kuruka pembeni kwa wepesi wa kijana, na Pyarali akampita, ameketi wima, mikono mapajani, akiteremka.

Hakupiga kelele. Angependa ieleweke kwamba ni ushujaa, lakini ukweli ni kwamba alitafuta neno la Kiswahili la kusimamisha kitu na likaja lilelile, simama, akalisema, na ubao haukuwa na nidhamu ya wazee wa Weston. Haukwenda kasi sana. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alipata nafasi ya kumpungia mkono. Pyarali naye akampungia, kwa kuwa hakuona la kufanya lingine, na akaendelea kushuka mpaka ubao ulipojikita kwenye lundo la theluji ukingoni mwa bwawa na kutulia.

Hakuumia popote. Mbele yake bwawa lilikuwa jeupe lote, na alikuwa peke yake kabisa, mwenye hofu, na mwenye kujichukia kidogo. Chai imekwenda, alijiambia. Ukumbi nao umekwenda, maana sasa ataingiaje pale Jumamosi, na Murad yuko hai? Atabaki na viti vyake sita.

Alisikia meno ya chuma yakiuma theluji nyuma yake. Ni Leokadia, aliyeshuka kwa kuzunguka, polepole, huku wengine wakibaki juu wakibishana njia ipi ina utelezi kidogo. Akamzunguka, akasimama mbele yake.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Mungu mkubwa."

"Lete mkono," alisema Pyarali, akanyoosha wake.

Leokadia akauangalia ule mkono. Hakuleta kitu.

"Tafadhali," alisema Pyarali. "Vuta mimi."

"Nikuvute tena?" Leokadia akageuka kulitazama bwawa, lililobaki hatua mbili.

Pyarali alishusha mkono. Alijua Kiingereza chake cha miaka yote kingemtoa pale mara moja, tena kwa heshima zote, lakini walikuwa wamekubaliana, na zaidi ya hapo aliona kwamba akikimbilia Kiingereza sasa hatarudi tena huku. Akatafuta. Lazima lipo mahali, alijiambia. Haiwezekani mtu akae na lugha utoto mzima asisikie hata mara moja watu wakiomba.

Na kweli alikuwa amesikia. Alikuwa amesikia kila siku.

Nyumbani kwao Tabora, nyuma ya duka, kulikuwa na mlango kati ya jiko na ua, na kizingiti chake kilikuwa cha baridi, na yeye alipenda kukaa pale na vigari vyake vya bati. Kalunde, aliyemlea, aliyemwogesha na kumbeba mgongoni mpaka alipokuwa mkubwa wa kuona haya, alikuwa akifika pale na ndoo ya maji, anataka kupita. Na alikuwa akisema jambo lilelile kila mara, kwa mtoto wa miaka mitano. Pyarali hakulitafuta tena. Lilikuja lenyewe, zima, na sauti yake.

"Samahani, mama," alisema. "Naomba unisaidie nisimame, kama sikusumbui."

Leokadia alimgeukia. Kila kitu kilikuwa mahali pake, vile visilabi vyote alivyovikosa tangu asubuhi vilikuwa vimepanga foleni.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Kwa Kalunde."

"Kalunde ndiye nani?"

"Nalea mimi. Ali... alinilea. Ilikuwa akitaka kupita mlangoni, anasema hivyo. Mimi nimekaa."

"Na wewe ulikuwa ukimjibuje?"

Pyarali alifikiria kudanganya. Uongo ulikuwa tayari na ulikuwa mzuri. Lakini matako yake yalikuwa yameanza kuloa, na mtu akilowa sehemu hiyo hushindwa kupamba mambo.

"Nilikuwa nasema, ngoja."

Leokadia hakucheka. Aliondoa glovu moja, akaikung'uta theluji, akaivaa tena.

"Basi ngoja," alisema.

Akampa mgongo, akawa anaangalia bwawa. Pyarali akangoja. Mwanzo alidhani ni mzaha na kwamba atageuka sasa hivi. Hakugeuka. Baridi ikapanda kiunoni, ikapanda mgongoni. Kule juu Murad alikuwa akiita kuuliza kama kuna maiti. Pyarali alijaribu kukumbuka Kalunde alikuwa akingoja kiasi gani, na hakuweza, kwa sababu aliyekuwa ameshika ndoo si yeye. Alikumbuka tu kwamba alikuwa akimaliza kupanga vigari vyake vyote kwanza. Akawaza pia kwamba hakuwahi kumsikia Kalunde akilalamika, na akatambua kwamba kwa maneno aliyoruhusiwa kuyasema mbele ya bwana mdogo, asingeweza kulalamika hata angetaka. Hilo lilimuuma kuliko baridi.

Leokadia aligeuka. Akapanga miguu yake, meno ya chuma yakashika, akampa mikono yote miwili. Pyarali akapanda kama gunia, kwa vituo, mpaka akasimama. Leokadia akamzunguka na kuanza kumpangusa theluji mgongoni, kwa makofi, bila huruma sana.

Sasa au basi, alijiambia Pyarali. Na kwa kuwa mlango wa Kalunde ulikuwa bado wazi, akapita humohumo.

"Samahani, mama. Naomba tukanywe chai. Mimi na wewe. Kama sikusumbui."

Makofi yakasimama.

"Huyo Kalunde alikuwa akinywa chai na nyinyi?"

"Hapana."

"Akinywa wapi?"

"Nje. Uani." Kisha, kwa kuwa ameshaanza, akamalizia. "Alikuwa na kikombe yake. Ya bati. Ilikuwa nje, kwenye msumari. Haiingii ndani."

Makofi hayakuanza tena. Pyarali alikuwa amemwonyesha mgongo na hakuweza kuona uso wake, na hakuthubutu kugeuka. Aliwahi kuogopa mambo katika maisha yake, safari, magonjwa, siku ya mazishi ya Shahbanu, lakini hakukumbuka kuogopa ukimya wa mtu aliyesimama nyuma yake.

"Haya," alisema Leokadia mwishowe, na kofi la mwisho lilikuwa jepesi kidogo. "Beba ubao wa watu uurudishe."

"Naam," alisema Pyarali, akaokota kamba.

Mkahawani kulikuwa na joto na harufu ya mdalasini. Leokadia alichagua meza ya dirishani, akavua koti, akakaa.

"Lete chai," alisema. "Maziwa kidogo. Sukari hapana tia."

Alisema hivyohivyo, hapana tia, bila kutabasamu, na ndipo Pyarali alipojua kwamba anataniwa, na kwamba anayetaniwa bado hajafukuzwa. Akaenda kupanga foleni. Vikombe vilikuwa vya karatasi, vyote sawa, na vya moto kiasi kwamba alirudi navyo akipuliza vidole. Alifika mezani, akaviweka, kisha akabaki amesimama. Kiti kilikuwa wazi mbele yake. Angeweza kukikalia tu, kama alivyokalia vitu vyote maishani.

"Naomba kukaa," alisema.

Leokadia aliondoa mkoba wake kwenye kiti. "Karibu, Pyarali."

Hakusema bwana, wala hakusema kitu kingine chochote cha kumzeesha. Pyarali alikaa taratibu, maana magoti yalikuwa na kumbukumbu, akashika kikombe chake kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha kamili, na alikuwa bado hajanywa hata funda moja, mlango ulipofunguka, ukaingia upepo, akaingia Murad, na nyuma yake Papa Kasongo na mkewe, wamejaa theluji mpaka kwenye nyusi.

"Kumbe wako huku," alisema Murad kwa sauti ya mkahawa mzima, akavuta viti, akawakalisha wenzake, akajitupa katikati ya Pyarali na Leokadia. "Bwana mkubwa. Lete chai!"

Pyarali alimwangalia. Chai ilikuwa ya moto, Leokadia alikuwa palepale, na neno lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, lilelile, fupi, la utotoni, la kizingitini. Leokadia naye alikuwa ameacha kunywa, anamtazama.

Akalimeza. Akashika meza, akajinyanyua kwa vituo, akauliza nani anatia sukari.